Sakafu Isiyotaka Deki

Kabla hujaenda dukani kununua sakafu ya lamineti, kabla hujampigia fundi simu, nenda uani ukaiangalie ndoo ya deki. Ikiwa ni ile ya lita 20, na anayeishika humwaga maji mpaka sebule igeuke bwawa, ndipo ayafukuze kwa brashi ya mpira hadi barazani, funga pochi yako. Nyumba hiyo ni ya marumaru, na marumaru si aibu. Lamineti huvumilia visigino, magari ya watoto na miguu ya makochi. Isichovumilia ni maji yaliyotuama kwenye maungio, na hilo muuzaji hukwambia mwishoni, kama akikwambia.

Shika ubao mmoja uutazame ubavuni. Ule mninga uliokuvutia ni picha tu. Karatasi iliyochapwa sura ya mbao imebandikwa juu ya nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa joto na gundi; mafundi seremala huuita ubao huo HDF, nao ni mzito kuliko MDF ya makabati. Juu ya picha kuna utando mgumu wa melamini wenye chembe za oksidi ya alumini, ndio unaopambana na mikwaruzo. Kampuni ya Perstorp ya Sweden ndiyo iliyobuni sakafu hii mwaka 1977, ikaja kujulikana kwa jina la Pergo. Huko ni nchi ya baridi, ndani ya nyumba kuna joto la mahita na hewa kavu. Waliobuni hawakuwa wakiiwazia Mbagala wakati wa masika. Haina maana kwamba haitufai. Maana yake ni kwamba kuilinda na unyevu ni kazi yetu sisi.

Kwa hiyo chukua chaki, uzunguke nyumba siku ya kawaida, si siku ya wageni. Weka alama kila mahali maji yanapogusa sakafu. Mlangoni mwa choo, ambapo watu wa nyumba hutoka na miguu mibichi baada ya kutia udhu, mara tano kwa siku. Chini ya dirisha la luva, ambalo mvua ya upepo hupenya hata likifungwa. Chini ya kiyoyozi kinachodondosha. Mbele ya friji, umeme ukikatika na barafu ikaanza kuyeyuka. Pale bibi anapoweka mtungi wake, na usithubutu kumwambia auhamishe kwa sababu ya ubao wako. Alama zikijaa sebuleni, weka lamineti vyumbani na sebule uiachie marumaru. Jikoni na bafuni usibishane na mtu yeyote: marumaru.

Dukani utaonyeshwa mchezo. Muuzaji atamwaga maji ya chupa juu ya ubao, atapangusa kwa kiganja, kisha atakutazama kwa ushindi. Mshukuru, kisha umwombe kipande kilichokatwa. Uso wa ubao ni melamini, na melamini hainywi maji. Kiu iko ubavuni. Omba vipande vya aina tatu, andika majina nyuma kwa kalamu ya risasi, ukavilaze ndani ya beseni la maji kwa saa 24. Kesho yake viweke kando ya vipande vikavu vya aina zilezile, upitishe ukucha kwenye ukingo. Vyote vitakuwa vimevimba, lakini kimoja kitakuwa kimefura na picha imeanza kubanduka, na kingine kitakuwa kimenyanyuka kidogo tu. Beseni hilo litakueleza mengi kuliko vijitabu vyote vya rangi walivyokupa.

Halafu soma boksi. Herufi AC na namba inayofuata hupima uimara wa uso dhidi ya kusuguliwa: AC3 inatosha nyumba ya kawaida, AC4 ni ya nyumba yenye watoto wengi, mbwa na mchanga unaoingia na viatu. Namba hiyo haisemi lolote kuhusu maji. Unene nao hausemi. Ubao wa milimita 12 hulia vizuri ukikanyagwa na husamehe kidogo sakafu yenye mawimbi, lakini ukiwa na kiini kibovu utavimba sawasawa na wa milimita 8. Zidisha urefu wa chumba kwa upana, ongeza asilimia 10 kwa ajili ya vipande vitakavyokatwa, ununue vyote siku moja, kwa sababu rangi ya shehena ijayo haitafanana kabisa.

Sasa jamvi la saruji. Saruji inayoonekana kavu huweza kuwa bado inatoa jasho. Kata kipande cha nailoni angavu, mita moja kwa moja, ukibandike sakafuni kwa selotepu pande zote nne, ukiache siku moja hadi tatu. Ukiona matone kwa ndani au saruji imekuwa nyeusi, subiri, hata kama fundi ameshafika na vyombo vyake. Kisha laza rula ya aluminiamu ya mita mbili, ile ya kupigia lipu, uizungushe chumba kizima. Mwanga ukipita chini yake zaidi ya milimita 3, pasawazishwe. Fundi atasema sponji inayotandikwa chini ya mbao itasawazisha. Haitasawazisha, hata ukitandika mbili. Itazidi kudidimia na kuvunja meno yanayoshikanisha mbao. Utaratibu ni nailoni kwanza, ncha zikipishana sentimita 20, juu yake sponji moja ya milimita 2 au 3, basi.

Maboksi yalale chumbani, yakiwa yamefungwa, kwa saa 48. Kama huwa mnalala na kiyoyozi, kiwashwe. Mbao zizoee hewa mtakayoishi nayo.

Tufike penye ugomvi. Lamineti haipigwi msumari wala haigandishwi kwenye saruji. Inaelea juu ya sponji, ubao umeshika ubao kwa meno yake, na sakafu nzima hutanuka na kusinyaa kadiri hewa inavyobeba unyevu. Ndiyo maana kila penye ukuta, fremu au bomba huachwa nafasi ya milimita 10. Fundi wetu amelelewa akijua kwamba kazi nzuri ni kazi iliyobana, na ukimwambia aache pengo atakutazama kana kwamba umemtukania ukoo. Akikwambia, "Hapa pamebana safi, bosi," mpe hela ya chai, kisha umwombe abomoe. Mwezi wa nne mvua zikishika, sakafu iliyobana itatafuta pa kwenda na haitapata ila juu. Itainuka katikati ya chumba. Ukikanyaga inashuka, ukitoa mguu inapanda. Chonga vijiti vya milimita 10, vipange ukutani kila nusu mita, na jioni fundi asiondoke hujavihesabu. Na baada ya ubao wa mwisho vitolewe, lile pengo libaki tupu. Wapo waungwana wanaoacha nafasi vizuri kabisa, halafu wanaijaza saruji ili "isiingie mende". Skatingi italifunika, nayo ipigiliwe ukutani, kamwe isipigiliwe kwenye lamineti.

Mengine ni mepesi. Laza mbao kufuata mwanga wa dirisha kubwa. Maungio ya mstari mmoja yapishane na ya mstari wa pili kwa sentimita 30 au zaidi. Pima chumba mapema: kama mstari wa mwisho utakuwa mwembamba kuliko sentimita 5, punguza wa kwanza. Nyundo isiguse meno; weka kipande cha ubao katikati. Fremu ya mbao ikatwe chini kwa msumeno ili lamineti ipite chini yake. Kabati la kujengea ukutani litangulie, sakafu ije baadaye, maana kabati likiikandamiza haitatembea.

Kazi ikiisha, kaa na dada anayekusaidia nyumbani kabla hajashika ndoo. Mweleze, mwonyeshe kitambaa kilichokamuliwa hadi kikaacha kudondosha, umnunulie mopu bapa inayofaa. Usimwachie desturi ya zamani halafu umlaumu kwa uvimbe. Watoto wakimwaga uji, ufutwe papo hapo, si baada ya tamthiliya.

Mbao zilizobaki usimgawie jirani. Zilaze chini ya kitanda, ndani ya boksi lake, na jina la chumba liandikwe juu. Siku ubao mmoja ukiharibika, skatingi ya upande ulio karibu hung'olewa, mistari ikachomolewa mmoja mmoja, kila ubao ukiandikwa namba nyuma, hadi kwenye ule mbovu, ukabadilishwa, na mingine ikarudishwa kwa namba hizo.