Namna ya Kuandika Riwaya Tatu Zikazaa Filamu Nne

Kwanza, waue wazazi. Usiwaonee huruma, hata kama ni watu wema wanaolipa ada kwa wakati. Mtoto mwenye baba na mama nyumbani hawezi kuokoa dunia, maana jioni ikiingia ataitwa akaoge. Harry Potter aliwapoteza wote wawili akiwa na mwaka mmoja, akaangukia kwa mama yake mkubwa, Petunia, aliyemlaza kwenye kabati chini ya ngazi. Wazazi wa Frodo wa The Lord of the Rings walizama mtoni. Luke Skywalker wa Star Wars ya 1977 alikuwa na baba mdogo na mkewe huko shambani, na hao nao wakachomwa moto kabla filamu haijafika katikati, pengine ili kijana asije akaomba ruhusa.

Ukikosa kabisa roho ya kuua, mpe mtoto baba aliye mungu wa Kigiriki. Rick Riordan alimfanyia hivyo Percy Jackson mwaka 2005: Poseidon anatawala bahari zote, ila matumizi ya mtoto hatoi. Riordan alianza kwa kumsimulia mwanawe hadithi wakati wa kulala. Mtoto huyo alikuwa na shida ya kusoma na ya kutotulia, basi baba akampa shujaa shida hizohizo na kuzifanya dalili za damu ya miungu. Sehemu hiyo usiige, maana inataka uwe unampenda mtu fulani kabla hujashika kalamu. Wewe chukua miungu na radi, vinatosha.

Sasa mtangaze kuwa mteule. Utabiri uwe wa kale, usiwe na tarehe, na shujaa alalamike kidogo, "Kwa nini mimi?", kisha akubali ukurasa unaofuata. Hapa J.K. Rowling alitaka kutuharibia kazi. Kwenye kitabu chake cha tano, cha mwaka 2003, alifichua kwamba utabiri uliomteua Harry ungeweza kumhusu Neville Longbottom vilevile, yule msahaulifu aliyelelewa na bibi, aliyezaliwa mwishoni mwa Julai kama Harry. Aliyemteua Harry alikuwa adui yake: Voldemort aliamua mwenyewe amwogope mtoto yupi, na kwa kumwogopa akamjengea sababu na uwezo wa kupigana naye. Msomaji wa miaka 13 akilala na wazo kama hilo anaweza kuamka akiwauliza wakubwa maswali. Liache lilipo.

Kisha gawa watu makundi. Hogwarts, shule ya Harry, ina nyumba nne, Panem, nchi ya The Hunger Games, ina wilaya 12, na Chicago ya Veronica Roth katika Divergent (2011) ina makundi matano, kila moja na tabia yake moja ya kudumu, kama kwamba mtu jasiri hawezi kusoma kitabu. Faida ya kifasihi ni ya kutafuta kwa tochi. Faida ya biashara iko wazi: msomaji atataka kujua yeye ni wa kundi gani, atafanya jaribio kwenye simu usiku wa manane, halafu atanunua skafu yenye rangi za kundi lake. Wapo vijana wa Dar es Salaam wanaoitamani skafu ya Gryffindor katikati ya joto la Februari. Shujaa wako, bila shaka, asitoshe kwenye kundi lolote. Tris Prior wa Roth alipimwa akiwa na miaka 16, akakutwa jasiri, tena ana akili, tena anajali wenzake, na kwa mchanganyiko huo wa kutisha ikabidi awindwe.

Mzee mwenye ndevu ni wa lazima. Ajue kila kitu, asiseme. Dumbledore, mkuu wa shule ya Harry, alikaa na siri miaka mitano huku mwanafunzi wake akikoswakoswa na mauti kila mwaka wa masomo ukielekea mwisho, na hakuna kikao cha wazazi kilichoitishwa. Akishazoeleka, muue naye. Gandalf, mzee wa Frodo, alirudi, ni kweli, tena akiwa amebadilishiwa nguo zikawa nyeupe, lakini hiyo ni heshima ya wakongwe.

Mapenzi hayana ugumu: msichana mmoja, wavulana wawili. Katika Twilight, Edward Cullen amezaliwa mwaka 1901 na bado anahudhuria sekondari katika mji wa Forks, jimbo la Washington, na ofisi ya shule haijamdai cheti cha kuzaliwa. Upande wa pili yupo Jacob anayegeuka mbwamwitu. Mashabiki watagawanyika na kila upande utavaa fulana zake. Msichana mwenyewe usimpe nafasi ya kueleza anataka kusomea nini.

Tukija kwenye udhalimu, hapo waangalie waliotangulia kwa uangalifu, ujue cha kuacha. Suzanne Collins amesimulia kwamba wazo la The Hunger Games, iliyotoka 2008, lilimjia usiku akibadilisha chaneli: huku vijana wanashindana kwenye runinga, huku picha za vita vya Iraki, hadi vikamchanganyikia. Akaunda nchi inayochukua watoto 24 kila mwaka, wa kiume na wa kike kutoka kila wilaya, wauane mpaka abaki mmoja. Hadi hapo hata wewe ungeweza. Ila angalia alivyopanga bahati nasibu yenyewe. Mtoto akifika miaka 12 jina lake linaingizwa mara moja, akifika 13 mara mbili, hivyo hivyo hadi mara saba akiwa na miaka 18. Na familia isiyo na chakula inaruhusiwa kuongeza jina la mtoto ili ipewe nafaka na mafuta kidogo ya mtu mmoja kwa mwaka.

Katniss, shujaa wa Collins, ana miaka 16, kwa hiyo majina matano ni ya umri. Kila mwaka, kwa miaka mitano, ameongeza matatu: moja kwa chakula chake, moja kwa cha mama na moja kwa cha mdogo wake Prim. Jumla 20. Rafiki yake Gale ana miaka 18 na analisha watu watano: karatasi saba za umri, 35 za chakula, jumla 42. Binti wa meya, aliyesimama mlangoni na gauni jeupe, hazizidi tano. Hakuna joka hapo wala fimbo ya uchawi, kuna njaa na kujumlisha tu, na mtoto yeyote aliyewahi kutumwa dukani kukopa unga anaielewa hesabu hiyo bila kuelezwa. Halafu linatolewa jina la Prim, mwenye karatasi moja.

Sasa wewe usiandike hivyo. Hesabu kama hiyo itakulazimu ufikirie nani anakula na nani analipa, na utachelewa. Chukua upinde, nywele zilizosukwa msuko mmoja begani, na mavazi meusi ya kubana. Wenzako wengi walichukua hivyo tu na hakuna aliyefungwa.

Wachapishaji wakishakukubali, watakuja watu wa sinema. Watatafuta kijana wa miaka 16 mwenye umri wa miaka 21, maana watoto halisi wana sheria za saa za kazi na chunusi. Percy wa kitabuni ana miaka 12, ila kwenye filamu ya 2010 keshabalehe na anaendesha gari. Usilalamike. Riordan alilalamika, na ilibidi angoje hadi Desemba 2023 kupata tamthilia yenye mtoto wa umri unaoeleweka.

Na hatimaye, filamu nne tulizoahidiana. Kitabu cha mwisho kikatwe vipande viwili. Filamu za Harry Potter ndizo zilizoanza kukata hivyo, mwaka 2010 na 2011, na zilikuwa na utetezi kwa kuwa kitabu cha saba ni kinene kweli. Twilight ikafuata 2011 na 2012. Ikaja The Hunger Games, 2014 na 2015, ingawa kitabu cha tatu cha Collins kina unene uleule wa viwili vya kwanza, na ndiyo maana sehemu kubwa ya nusu ya kwanza watu wamekaa handakini wakirekodi propaganda. The Hobbit, kitabu kimoja cha watoto cha mwaka 1937, kilitolewa filamu tatu. Mtafsiri wa kibanda umiza angekimaliza chote kwa kiingilio kimoja, na joka angelipa jina la mjumbe wa nyumba kumi.

Ukikata, kata kwa imani. Waliotengeneza The Golden Compass mwaka 2007 waliuondoa mwisho mchungu wa kitabu cha Philip Pullman wakauweka akiba kwa ajili ya filamu ya pili. Filamu ya pili haikutengenezwa. Mwenye Divergent naye alifuata mwongozo huu neno kwa neno: vitabu vitatu, filamu ya kwanza 2014, ya pili 2015, nusu ya kitabu cha tatu 2016. Watazamaji wakapungua, nusu iliyobaki iliyopangiwa 2017 ikasogezwa, ikasemwa itahamia runinga, kisha ikaachwa.

Watu wa vibandani husema stelingi hafi. Kwenye kitabu cha tatu cha Roth, kilichotoka 2013, Tris anakufa. Kwenye sinema yu hai mpaka leo, kwa sababu fedha ya kumuua haikupatikana. Anayetaka kujua ilivyokuwa, kitabu kipo, asome.