Ombi la Kutambuliwa Kama Gunia la Maembe

Kapseret,
Kaunti ya Uasin Gishu.

Kwa Mheshimiwa Mwenye Dhamana ya Usafiri wa Umma na Utalii wa Ndani, popote ofisi yake ilipo.

KUH: WAENDAO MLIMANI KWA MATATU NA KURUDI SIKU HIYO HIYO

Mheshimiwa,

Nakuandikia bila kukutaja jina kwa kuwa nimeshindwa kujua wewe ni nani hasa. Leseni ya matatu hutolewa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama. Ada ya steji ni ya kaunti. Kizuizi cha barabarani ni cha polisi. Nauli hupangwa na mawingu: mvua ikitanda juu ya Eldoret, nauli nayo hupanda kwenda kuitazama. Lakini wa kuulizwa gari la Iten linaondoka saa ngapi, huyo bado hajaajiriwa. Au ameajiriwa, na hivi sasa yumo ndani ya matatu akingoja ijae ili afike kazini.

Nimekutafuta hata katika Katiba ya 2010. Jedwali la Nne linazipa kaunti usafiri wa umma wa barabarani katika nambari 5, na utalii wa ndani katika nambari 7. Katikati, nambari 6, wamewekwa mbwa na leseni zao, pamoja na mahali pa kuzikia wanyama. Naamini hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Usafiri ulitoka siku moja kwenda kuutafuta utalii, ukakutana njiani na mbwa asiye na leseni, ukarudi nyumbani. Hawajaonana tena.

Usinielewe vibaya. Sisi wa Kapseret si watu wa kulalamikia usafiri. Tunao uwanja wa ndege wa kimataifa tangu miaka ya 1990, wenye njia ya kurukia ya karibu kilomita 3.5, na ng'ombe wetu wamezoea kucheua chini ya ndege. Ndege ina saa ya kuondoka, saa hiyo imeandikwa, na ikichelewa kuna mtu wa kuomba radhi kwa kipaza sauti. Tena tangu Agosti 2024 Eldoret ni jiji kwa hati iliyotiwa sahihi na Rais. Anayetaka kwenda Nairobi, kilomita zaidi ya 300, hana neno. Taabu ni ya yule anayetaka kwenda kusimama kwenye ukingo wa Keiyo, atazame Bonde la Kerio lilivyolala zaidi ya mita 1,000 chini yake, ateremke kidogo, apande tena, kisha alale kwake.

Kutoka Kapseret hadi Iten, ukingoni hapo, kupitia mjini Eldoret ni mwendo usiopishana sana na wa marathoni. Eliud Kipchoge, anayefanyia mazoezi yake hapo Kaptagat, aliukimbia mwendo wa namna hiyo mjini Vienna mnamo Oktoba 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, dunia nzima ikapiga makofi. Abiria wa Kapseret anayebadilisha matatu mjini Jumamosi asubuhi na bado akaifikia saa hiyo hapigiwi makofi na mtu. Kipchoge alikuwa na wenzake waliokimbia mbele yake kumkatia upepo. Sisi pia tunao wetu. Wameketi vitini tangu alfajiri wakijifanya abiria ili gari lionekane limejaa, na kila anapoingia mtu wa kweli mmoja wao hushuka kwa adabu kwenda kuketi katika gari la nyuma. "Bado mmoja twende," husema mpiga debe. Huyo mmoja ana wajukuu sasa.

Lakini hayo ya kungoja ni madogo. Kubwa ni kwamba mtu wa aina yangu hayumo katika hesabu.

Matatu zetu, Mheshimiwa, zinamjua kila msafiri. Zinamjua anayekwenda matangani. Zinamjua mwanafunzi wa kufungua shule, na sanduku lake na godoro lake. Zinamjua mama wa maziwa, mgonjwa wa rufaa, mhubiri mwenye spika, na mfuasi wa mkutano wa siasa ambaye nauli yake imelipwa na mtu asiyepanda matatu. Asiyejulikana ni yule anayekwenda mahali ambapo hakuna anayemngoja.

"Unashukia wapi, mzazi?" kondakta huuliza.

"Kessup, pale kijia cha kuteremka kinapoanzia."

"Unaenda kwa nani?"

"Siendi kwa mtu. Naenda kutembea tu."

"Sawa, kutembea kwa nani?"

Hapo gari zima huingilia kati. Mama wa kiti cha mbele huuliza polepole kama nyumbani kuna amani. Mzee mwenye kofia hutaka kujua nilisimamishwa kazi lini. Kijana mmoja, ambaye kwa kawaida huwa ametoka chuo kikuu, hueleza wenzake kwamba haya ni mambo ya msongo wa mawazo na yana tiba. Ukiwaambia kwamba unakwenda kuutazama mlima, wanautazama na wao kupitia dirishani, wanakutazama wewe, na kusogea kidogo upande wa pili.

Kwa hiyo siku hizi nasema naenda kwa shangazi. Shangazi yangu wa Kessup hayupo, lakini amekuwa mtu mkubwa katika njia hiyo. Anaumwa goti. Mwanawe yuko Qatar. Abiria humtumia salamu, na wapo wanaosema waliwahi kumwona kanisani. Kuna mama aliyenipa nusu kilo ya sukari nimpelekee, sukari ambayo bado haijamfikia.

Na ukishuka garini ndipo maswali mengine huanza, kwa sababu bonde hili halikuzaliwa jana. Limewaona watu wengi wenye mikoba mgongoni na viatu vizito. Wengine walikuja kwa ajili ya madini ya floraiti ya Kimwarer. Wengine walichimba kisima cha kutafutia mafuta mwaka 2016. Wengine walipima mabwawa ya Arror na Kimwarer, ambayo umaarufu wake ulikua zaidi mahakamani kuliko mtoni. Mtu akisimama ukingoni akatazama mandhari kwa muda wa kutosha, mwenye shamba hutoka na kuuliza fidia italipwa lini. Simlaumu hata kidogo. Katika miaka yote hiyo hajawahi kuona mgeni aliyelitazama bonde lake bila kuwa na mpango nalo.

Haki ya kuja bila sababu ni ya wageni wa mbali. Iten iko mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na wakimbiaji hutoka pande zote za dunia kuja kuvuta hewa yetu haba; hao hupokewa uwanjani Kapseret na gari lililotumwa kwa jina lao, likapita mbele ya lango langu bila kungoja kujaa. Wapo pia wanaokuja na parashuti, hasa miezi ya kiangazi, wakakimbia hatua chache ukingoni na kujitupa bondeni. Nimeufikiria sana usafiri huo. Hauna steji, hauna ada, haungoji wa kumi na nne. Ubaya wake ni kwamba haupandi kurudi, na hapo unafanana na wa kwetu.

Maana kurudi, Mheshimiwa, ndiko kunakohitaji elimu. Kwenda, gari huanzia steji, nawe unaweza kuketi humo na gazeti hadi habari zake ziwe historia. Kurudi unasimama katikati ya mteremko, saa kumi jioni, na kila gari linalopanda limejaa tangu Kabarnet. Matatu ya kwanza hupita. Ya pili hupita, dereva akikupungia mkono kwa huruma. Marehemu John Michuki, waziri aliyetufunga mikanda kuanzia Februari 2004 na kuziwekea matatu mstari wa njano, angefurahi kuona mbili hizo zimetii sheria kwa ajili yangu tu. Kisha huja gari dogo, Probox. Katika kiti cha dereva wameketi watu wawili, na haijulikani kwa hakika ni yupi anayeendesha. Nafasi ipo, nyuma kwenye buti, kati ya jogoo na mtu anayelala.

Sasa mtazame mwenzangu tuliyesimama naye kando ya barabara msimu wa maembe ukifika: gunia. Gunia halipungi mkono. Gari husimama lenyewe kwa ajili yake. Vijana wawili hulinyanyua, wa tatu hulipokea juu na kulifunga kamba, tena kwa uangalifu kwa sababu likianguka kuna wa kulilipa. Nauli yake inajulikana na haipandi kwa mvua. Hakuna anayeliuliza linaenda kwa nani, kwa sababu lina mtu wa kulipokea Eldoret, ameshapigiwa simu na namba ya gari anayo.

Ombi langu la kwanza ni hilo. Nitambuliwe kama gunia la maembe. Niko tayari kupimwa uzito. Niko tayari kuandikwa namba ya simu mgongoni kwa rangi nyeusi.

La pili ni shangazi. Najua wewe huwezi kuibadilisha akili ya abiria kwa waraka, basi uwape wanachokitaka: pale njia za milimani zinapoanzia, Kessup, Nyaru, na huko juu Cherangani kwenye vilele vya zaidi ya mita 3,300, aajiriwe shangazi wa serikali. Mshahara wake utolewe kwenye nambari 5 na posho kwenye nambari 7. Kazi yake iwe kukaa nje ya nyumba akitazama barabarani, ili anayeshuka aseme kweli kwamba kuna anakokwenda. Akijua pia saa gari la mwisho linapopita, atakuwa amewashinda maafisa wote niliowahi kuwauliza.

La tatu naliona gumu, kwa hiyo nalitaja upesi. Waswisi walianzisha mabasi ya posta mwaka 1906, yabebe barua na watu kwa pamoja, na hadi leo mabasi hayo ya njano hupanda milimani kwa ratiba iliyobandikwa kituoni, dakika kwa dakika, hata kwa mtu mmoja mwenye fimbo na mkate. Sikuombi dakika. Dakika ni anasa. Ukibandika stejini karatasi yenye neno "asubuhi" na nyingine yenye neno "jioni", na gari likaondoka katika asubuhi hiyo na kurudi katika jioni hiyo, likiwa na kiti kimoja kilichoachwa kwa wa njiani, nitaipiga karatasi hiyo picha na kuitundika sebuleni. Basi la posta lenyewe tunalo tayari. Hakuna matatu ya Kapsowar wala ya Kabarnet isiyobeba bahasha mbele, dawa ya ng'ombe chini ya kiti, na spea ya trekta miguuni pa watu.

Kwa hiyo ukinijibu, tafadhali usitume barua pepe. Jibu lako lipe dereva yeyote stejini, juu yake andika "Kapseret, itachukuliwa." Bahasha hukaa kiti cha mbele karibu na dereva, hufungiwa mkanda, na hufika siku hiyo hiyo. Na kama kuna nafasi iliyobaki kando yake, mwambie dereva kuna mtu amesimama hapa Kessup tangu saa kumi.

Wako mtiifu,
Abiria wa kiti cha kati
(nakala kwa shangazi)