Utukuzwe, Ewe Mchomoko

Wenzetu wa Dar es Salaam wana mambo mazito ya kujadili. Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria kwenda Morogoro Juni 2024, na Dodoma mwezi uliofuata, vijiweni hakuna hoja nyingine: imechelewa dakika ngapi, kiyoyozi kina baridi kiasi gani, na je, ni haki mlango kufungwa mtu akiwa hatua mbili tu kutoka behewani. Treni nyingine wamezipa hata jina, mchongoko. Waacheni na shida zao. Sisi wa Ngara na Biharamulo tuna mchomoko, na leo nimesimama kuusifu, maana sijapata kumsikia akiusifu mtu aliyeteremka humo akiwa bado anazihisi ganzi za miguu.

Kwa asiyeujua, mchomoko ni gari dogo, mara nyingi Toyota Probox, lililoanza kutoka kiwandani Japani mwaka 2002 kwa ajili ya watu wa biashara kubebea mizigo yao midogo. Viti vitano na buti. Likishavuka bahari na kufika Nyakanazi, ndipo linapotambua wito wake.

Sifa ndogondogo nitazipitia mbio. Mchomoko hauna ratiba, kwa hiyo haujapata kuchelewa hata siku moja. Hautumii umeme, kwa hiyo hauna ugomvi na wanyama: mwaka 2024 Shirika la Reli lilieleza kuwa ngedere na bundi walikuwa miongoni mwa sababu za hitilafu ya umeme iliyosimamisha treni, ilhali nyani wa Burigi wanashinda kando ya lami na mchomoko unawapigia honi tu ukapita. Vipuri navyo si tatizo. Addis Ababa walifungua reli yao ya mjini mwaka 2015, na haikupita miaka mingi treni nyingi zikawa zimeegeshwa kwa kukosa vipuri. Mchomoko ukikatika springi Lusahunga, fundi anaingia uvunguni na waya, na kabla hamjamaliza mahindi ya kuchoma mnaitwa mpande.

Tena mchomoko unafika, jambo ambalo reli yetu bado haijaliweza. Wajerumani walipanga reli kutoka Tabora hadi kwenye kona ya mto Kagera. Fedha zikapitishwa 1914, vita vikaanza mwaka uleule, habari ikaishia hapo. Boma lao la Biharamulo lingali limesimama, likiisubiri. Januari 2018 marais wa Tanzania na Rwanda wakakubaliana juu ya reli ya Isaka hadi Kigali kupitia Rusumo. Kwenye makabrasha ya upembuzi, Keza yetu ni njia panda ya reli, mkono mmoja kwenda Kigali na mwingine Gitega. Nenda Keza leo: atakayekupokea ni bodaboda.

Sifa kuu, ile ninayotaka kuisimamia mpaka mwisho, ni usalama. Natamka mbele ya umma kwamba mchomoko ndicho chombo salama kuliko vyote vilivyopata kutembea kwenye kilomita 92 za Lusahunga hadi Rusumo, na hoja ninazo.

Hoja ya kwanza ni mkanda. Mkanda wa kiwandani unashika kifua na kiuno, basi. Mchomoko unakushika mwili mzima. Kiti cha nyuma mmekaa wanne, konda anamwona wa tano anakuja na kikapu, anatoa amri: “Mmoja aende mbele, mmoja arudi nyuma.” Mkishapangwa hivyo, bega lako limefungiwa kwapani mwa jirani, goti liko chini ya ndoo isiyo yako, na shingo haigeuki. Gari likipinduka hakuna atakayerushwa. Atarushiwa wapi?

Hoja ya pili ni mwendo. Mbele wanakaa wanne, dereva akiwemo. Mmoja wao anakaa kulia kwa dereva, kati yake na mlango, kwa hiyo dereva anaendesha akiwa katikati ya gari, usukani anaufikia kiubavuubavu, na breki anaigusa kwa ncha ya kiatu. Kama gari ni la gia za mkono, gia hiyo iko baina ya magoti ya mama mwenye mtoto, na kila ikitakiwa sharti iombwe: “Samahani mama, naomba namba tatu.” Mama anasogeza goti, mtoto anaamka na kulia, namba tatu inaingia. Ukipanda mlima, ombi linarudiwa kwa namba mbili. Nchi hii imehangaika na tochi za kupima mwendo na vifaa vya kufuatilia mabasi, kumbe mwendo unadhibitiwa kwa adabu.

Hoja ya tatu ni ulinzi wa mali. Mwizi wa mfukoni atakuibia vipi, naye mkono wake mwenyewe hajui uko wapi?

Hoja ya nne ni buti, na hapa nawaomba wataalamu wasikilize. Dunia nzima inakubali kwamba mtoto mchanga yuko salama zaidi garini akikalishwa ameelekea nyuma. Sisi huduma hiyo tumewapa watu wazima. Wanakaa watatu butini, nyuso kwenye kioo cha nyuma, na mapajani wamewekewa gunia la maharage ili wasiyumbe. Pembeni yao wako kuku wawili waliofungwa miguu, ambao ndio abiria pekee waliofungwa chochote.

Hoja ya tano ni malori. Barabara hii ndiyo inayopitisha mizigo ya Rwanda, Burundi na Kongo. Lori linakuja na kontena lake, linakwepa shimo, linaingia upande wako. Hapo dereva wa mchomoko anatakiwa akate usukani kwa nguvu. Anakata, kiwiko kinagonga mbavu za abiria aliyekaa kulia kwake, usukani haukati. Haukati! Nimekaa mimi kwenye nafasi hiyo. Nimeziona taa za lori, nimemsikia dereva akisema, “Sogea, mzee, sogea,” na pa kusogea hapakuwepo. Tulipita kwa rehema za Mungu, kioo cha pembeni kikabaki huko. Ndani ya gari hakuna aliyefungua kinywa mpaka tulipokaribia Nyakahura, na aliyefungua ni konda: “Jamani, nauli.”

Mniwie radhi. Tulikuwa kwenye sifa.

Mchomoko unaheshimu sheria. Nani mwingine anayekiheshimu kizuizi hivyo? Kabla hamjakifikia, gari linasimama, wawili wanateremshwa, bodaboda zinawapitisha nyuma ya nyumba za watu, na mbele kidogo wanapanda tena, wamepunga upepo. Siku za haraka hawateremki. Anateremka dereva na leseni yake, anazunguka nyuma ya gari kuzungumza na afande. Afande anaikagua leseni kwa makini hasa. Inakwenda nene, inarudi nyembamba. Kisha anakuja dirishani, anainama, anatutazama mmoja mmoja tulivyobanana, na kusema: “Haya, safari njema wazee.” Kwenye kioo, karibu kabisa na uso wake, imebandikwa stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani. Ya mwaka juzi.

Namba za gari ni za njano, yaani gari binafsi. Kwa macho ya sheria, basi, sisi sote humo ndani ni ndugu wa ukoo mmoja tunaokwenda harusini. Siku ya ajali bima itauliza kama ndugu hao walilipa nauli.

Msiniambie kwamba pori ni kubwa na mkono wa serikali ni mfupi. Watu wa rika langu tunaikumbuka miaka ambayo majambazi walitamba katika pori la Biharamulo. Mabasi yalikusanywa, yakapewa askari wenye bunduki, yakavushwa. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wa Rwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24, na pale kambini Benaco wakatafutiwa maji, chakula na mahali pa kulala. Kwenye barabara hiihii, basi, yamewezekana makubwa kuliko haya. Leo hesabu inayotakiwa ni ya moja hadi tano, na imemshinda kila mwenye sare.

Dereva simlaumu sana. Gari si lake, jioni anadaiwa hesabu na bosi. Uliza stendi gari hili ni la nani: baadhi utatajiwa cheo kabla hujatajiwa jina. Wakubwa wenyewe wanaipita barabara hii kwenye V8, wanne ndani, mikanda kifuani, na kwenye semina ya usalama wanafika kwa wakati.

Na sisi? Konda akisema “bado mmoja,” tunasonya, halafu tunasogea. Mmoja wetu akigoma kusogea, hatumgeukii konda, tunamgeukia mwenzetu. “Ukitaka raha nunua gari lako.” Tunayasema hayo magoti yakiwa kidevuni.

Lipo jambo moja nitalisema bila mzaha. Saa nne ya usiku, mama mjamzito kando ya njia ya Rulenge akipunga mkono, kinachosimama ni mchomoko. Mabasi yaliruhusiwa tena kutembea usiku mwaka 2023, lakini hayo ni ya lami na ya mbali. Ndani vijijini hayaingii. Kwa hiyo sitaki michomoko ifukuzwe barabarani kwa operesheni ya wiki moja, ya kupigwa picha, kisha kila mtu arudi alipokuwa.

Ninachotaka ni kidogo, tena hakihitaji mkopo wala reli. Leseni za kusafirisha abiria ni kazi ya LATRA, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Michomoko ipewe leseni, namba nyeupe na bima ya abiria. Idadi ya watu iandikwe mlangoni kwa herufi kubwa. Nauli ipangwe kwa kuhesabu viti vilivyopo, na ikilazimu kupanda, ipande, tutanung'unika, tutalipa. Afande asisimame pale kwa ajili ya leseni ya dereva peke yake, atuhesabu na sisi.

Nawe msomaji usingoje waraka. Probox ina viti vitano, kimoja ni cha dereva. Ukikuta wanne wameshakaa, gari limejaa.