Kidani cha Mama Mkwe

Mama mkwe alikuwa anatimiza miaka 70, nami nikaapa kwamba safari hii hapati khanga. Atapata kidani cha shaba nyekundu nilichokikata kwa mkono wangu, kimechapwa ua la korosho na neno MAMA katikati.

Ujanja wenyewe niliuokota kwa fundi redio wa mtaani, anayechapa saketi zake kwa njia hiyohiyo. Wino wa printa ya leza si wino. Ni unga wa plastiki. Ukiupiga pasi unayeyuka, unaachana na karatasi, unang'ang'ania shaba. Printa yetu ya nyumbani haifai, wino wake ni wa maji. Hilo lilinigharimu vibati vitatu, tusilizungumze.

Alhamisi usiku, mke wangu Mama Salma kalala, nikatoa pasi yake kabatini. Shaba nilishaipiga msasa na kuifuta kwa dawa ya kutolea rangi ya kucha (yake pia). Nikaweka ukurasa wa gazeti linaloteleza niliochapishiwa steshenari, nikakandamiza. Kunyanyua, shaba tupu! Nilikuwa nimeulaza kichalichali, picha inaitazama pasi.

Nakala ya pili nikailaza sawasawa, nikatia kitambaa juu, nikakandamiza tena, kisha nikaitumbukiza kwenye bakuli la maji. Nikasugua kwa ncha ya kidole. Karatasi ikawa inatoka kama ukoko uliolowekwa, na chini yake ua la korosho likachomoza taratibu, jeusi, kila kidoti mahali pake. Likafuata neno: AMAM.

Kumbe picha hugeuzwa kabla ya kuchapwa. Na ubaya wa M na A, hata kwenye kioo hazibadiliki. Kwa hiyo halikuonekana kosa la mtambo; lilionekana kosa la mtu asiyejua kuandika.

Ijumaa asubuhi nikaitwa.

"Baba Salma, hebu njoo uione kanzu yako."

Kifuani, kijivu juu ya weupe, pameandikwa MAMA. Pasi iliichukua ile picha ya kwanza kinyume, kanzu ikaigeuza tena. Imenyooka kabisa, na ua lake. Nikasema angalau hapa herufi zimekaa vizuri. Sikujibiwa. Msikitini nilikwenda na shati.

Kidani mama mkwe anakivaa. Akiulizwa AMAM ni nini, husema muulizeni mkwe wangu. Pasi mpya nimeinunua mimi. Ile ya zamani ni mali yangu sasa, na imepigwa marufuku kukaa kabati moja na nguo.