Heko kwa Kelele za Umeme

Mnazi umetungiwa mashairi, jahazi limetungiwa, hata mbu ana waimbaji wake. Kelele za umeme hazijapata ubeti mmoja. Dhuluma hiyo iishe leo.

Ingia godauni lolote la Changamwe au Barabara ya Pugu. Winchi inanyanyua mzigo, mota inanguruma, na papo hapo skrini ya karani wa stoo inaganda. Anagongagonga kipanya mezani, anamlaani fundi wa mtandao, anapiga simu. Mzigo ukishatua, kompyuta inazinduka. Fundi akifika, winchi imepumzika na kila kitu kinakwenda vizuri. Karani anaonekana mzushi, kumbe kelele za umeme za mota zimeingia kwenye kebo ya mtandao.

Ila mimi nazipendea uadilifu. Kuna mtu alipanda ngazi, akailaza kebo ya mtandao sambamba na nyaya za mota urefu wote wa dari, akazifunga pamoja kwa tai za plastiki ili asinunue tranking ya pili. Meneja alikagua, akatia sahihi. Mhasibu akalipa. Kelele zilimgundua huyo aliyelaza kebo siku ileile winchi ilipowashwa, na hazikuomba chai. Nitajie mkaguzi mwingine wa namna hiyo.

Tena ni walimu wa zamani. Simu za mwanzo zilipokuwa zikikoroma, Alexander Graham Bell alisokota nyaya mbilimbili, akapata hataza mwaka 1881. Mpaka leo kebo ya mtandao ina nyaya 8 katika jozi 4, kila jozi na msokoto wake, ili kelele ziingie kwenye nyaya zote mbili sawasawa na kufutana. Hayo yote kwa heshima yao!

Na madai yao ni madogo: kebo ikae mbali na umeme, ikibidi kuvuka, ivuke kwa nyuzi 90. Anayenunua kebo ya bei kubwa, yenye ngao ya chuma, kisha asiiunganishe na ethi, kelele zinamshukuru sana, maana amezijengea antena.

Wasio na shukrani wamehamia fiba, ambamo hupita mwanga tu na mota haisikiki kabisa. Lakini fiba hiyo inafika hadi kwenye swichi ukutani tu. Kutoka hapo hadi mezani kwa karani bado ni shaba, na shaba hiyo, nimeiona, imepitishwa mgongoni mwa taa za tyubu.