Waraka kwa Mheshimiwa Mwenye Dhamana ya Fukwe na Bustani za Dar es Salaam

Mheshimiwa,

Nakuandikia kwa adabu zote, maana najua jiji hili ni kubwa na kazi yako ni nzito. Lililonileta ni hili: Jumapili iliyopita mlinzi alituinua, mimi na wanangu watatu, tulipokuwa tumekaa kwenye ukuta wa pwani. Hatukutupa taka wala kumbughudhi mtu. Alituuliza, "Mnanunua nini?" Nikamjibu tumekuja kupunga upepo. Akasema hapo wanakaa wateja tu.

Mheshimiwa, upepo wa bahari umeanza kuuzwa lini?

Sisi wa Tandale Jumapili yetu ni nauli ya daladala na chupa ya maji ya kutoka nyumbani. Tukishashuka, jiji lenyewe ndilo linatutembeza. Huwa tunapita kwa wachoraji wa Tingatinga pale Morogoro Stores. Edward Saidi Tingatinga alifariki mwaka 1972, miaka michache tu baada ya kuanza kuchora, lakini mtindo wake ungali hai mikononi mwa vijana wa leo. Binti yangu wa kati aliwahi kusimama nyuma ya mchoraji mmoja aliyekuwa akimtia chui madoa. Doa moja, brashi kwenye kopo, doa jingine, bila kuharakisha. Rangi ya mafuta ilimkereketa mtoto puani lakini hakusogea mpaka chui akajaa madoa mpaka mkiani. Mchoraji hakumuuliza ananunua nini. Alimsogezea kigoda. Natamani walinzi wako wangefunzwa na yule kijana.

Siku nyingine tunakwenda mjini kumtazama Askari wa shaba, aliyesimamishwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Vita ya Kwanza. Wanangu hubishana singe yake inaelekea wapi. Inaelekea bandarini. Kutoka hapo hadi Kanisa la Mtakatifu Yosefu ni mwendo mfupi, na mtoto akiona dari lile mara moja hanyamazishwi tena.

Lakini mwisho wa yote ni bahari. Coco Beach maji yakitoka, miamba inajitokeza, na watoto wanachutama kwenye vidimbwi kuwinda kaa wadogo. Muhogo unakaangwa pembeni, unapasuliwa katikati, unatiwa chumvi na pilipili, na harufu yake inakufuata hata ukiwa huna hela ya kuununua. Nikiwa nayo nanunua, tena kwa furaha. Nisipokuwa nayo, nataka niweze kukaa vilevile.

Nimeyasoma mabango ya pwani yetu kwa makini. "Hairuhusiwi" nimeikuta mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. "Karibu" nimeikuta kwenye milango ya hoteli tu. Nimeona pia uzio ulioshuka hadi mahali ambapo maji yakijaa hupiga. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Iko kwenye vitabu vya ofisi yako, kwa hiyo sikufundishi. Ila kama tepu ya kupimia imekosekana, njoo na kamba, nami nitakushikia ncha moja.

Sikuombi ujenge kitu kikubwa. Daraja la Tanzanite mmelijenga, na jioni watu wanatembea juu yake wakiangalia maji, jambo nililolishukuru kwa moyo. Ninachoomba ni miti ya kivuli, mabenchi yasiyo na mwenyewe, na choo ambacho mama mwenye mtoto mdogo hatazuiwa mlangoni kwa kukosa sarafu. Mwanangu wa mwisho ana miaka minne. Kwake safari nzima inategemea choo, na mara mbili tumerudi nyumbani kabla jua halijazama kwa sababu hiyo tu.

Na huyo mlinzi simwombei kufukuzwa. Anatii alichoambiwa. Nauliza tu nani alimwambia, na ufukwe huo alikabidhiwa na nani.

Jumapili ijayo, Mungu akipenda, tutakuwa kwenye ukuta uleule kuanzia saa kumi jioni. Ukipita, nafasi ya kukaa tutakuachia.

Ni mimi,
Mama wa watoto watatu, Tandale