Kiingereza cha Wapi?

Kiswahili kina irabu 5, na kila moja inajua kwao. Ukiona a, unasoma a, umemaliza. Kiingereza kinachofuatwa na kamusi nyingi za Uingereza kina irabu kama 20, lakini herufi za kuziandikia ni zilezile 5. Ndiyo maana walimu wa lugha walioanzisha chama chao cha fonetiki huko Paris mwaka 1886 waliishia kubuni alama zao, nyingine zikiwa herufi zilizopinduliwa miguu juu.

Mpwa wangu anasomea ualimu wa Kiingereza, na likizo hii amekuja na alama hizo nyumbani. Iliyomtesa ni ile ya katikati ya nurse: si a, si e, si o. Mdomo unaachwa nusu wazi, ulimi unakaa bila kazi, kisha sauti inavutwa. Akawa anaivuta barazani, macho kafumba, mpaka bibi wa jirani akatokeza na kikombe cha chai ya tangawizi.

“Mjukuu wangu, tumbo limeanza lini?”

“Shikamoo bibi. Siumwi, nasoma.”

Bibi akanigeukia mimi. “Na wewe umekaa tu, mtoto anaugulia hivi?”

Chai ikanywewa. Ungefanyaje?

Sisi huku hat, hut, heart na hurt tunazipitisha zote mlango mmoja wa a, na maisha yanaendelea. Mtu akilalamika kwamba “hat” inamsumbua, hakuna anayempeleka kwa muuza kofia.

Tena wenye lugha wenyewe hawapatani. Bath ya London ina a ndefu ya kooni. Ukifika Leeds imekuwa fupi, karibu sawa na a yetu. Waskoti wengi hawatofautishi pull na pool. Mtu wa New Zealand akiomba pen, Mmarekani anaweza kumtafutia pini. Mwaka 1982 mwanafonetiki John Wells alitumia akili: akayapanga maneno kwa makundi, akayapa majina kama KIT na TRAP, kila lafudhi ijaze sauti yake. Huyo tunaelewana.

Mpwa wangu lakini kakatwa maksi kwa kutamka bath kwa a fupi. “Mjomba, mwalimu kasema hicho si Kiingereza.” Basi Leeds nzima imefeli.

Walimu wetu, mkitunga mtihani wa matamshi, andikeni juu ya karatasi mnataka Kiingereza cha wapi.